Mnamnyima Matoke, Mnamwachia Sigara

Mgonjwa wa saratani jijini Kampala hupata mashauri mawili hata kabla hajatundikiwa dripu ya kwanza ya kemo. La kwanza ni la chakula: aache sukari, aache nyama, aache maziwa, apunguze wali na matoke, anywe juisi na maji ya majani, kwa kuwa saratani hulishwa na kile anachokula na akiinyima itakufa njaa. La pili ni la sigara, ikiwa ni mvutaji: asijisumbue. Ugonjwa umeshaingia, maji yameshamwagika, mwacheni mzee wa watu avute kidogo apunguze mawazo.

Wanaotoa mashauri haya si watu wabaya. Ni ssenga (shangazi) aliyetoka Masaka na kikapu chake, ni mchungaji, ni jirani wa Ntinda, ni mpwa aliye Dubai anayetuma ujumbe wa sauti usiku wa manane. Wanampenda. Lakini wamekosea katika yote mawili, tena kinyume kabisa: kinachomjenga mgonjwa wanakiondoa mezani, kinachomharibia dawa wanakiacha mfukoni mwake. Na kwa kuwa maoni haya sasa ni ya kila mtu, hata ya waliosoma, nitayajibu bila kuomba radhi.

Nianze na sigara.

Hoja ya maji yaliyomwagika inadhani kwamba moshi una kazi moja tu, kuleta saratani, na kwamba ukishaileta umemaliza. Lakini moshi haustaafu siku daktari anapoandika jina la ugonjwa kwenye faili. Kesho yake unaendelea na kazi, safari hii dhidi ya dawa. Mtungi haujavunjika, unavuja. Na anayesema maji yamemwagika hajachungulia ndani kuona ni mangapi yamebaki.

Mwaka 1993 madaktari wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi. Kati ya walioendelea kuvuta wakati wa matibabu, uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 45. Kati ya wale ambao hawakuvuta, ulitoweka kwa asilimia 74. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai ni asilimia 39 upande wa kwanza na 66 upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti za saratani ya mapafu iliyogunduliwa mapema, wakakadiria kwamba kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 65 wanaoendelea kuvuta, watakaofikisha miaka mitano ni asilimia 33. Kwa wanaoacha, ni asilimia 70. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Moscow wa wagonjwa 517 waliokuwa wakivuta siku walipoambiwa wana saratani ya mapafu. Walioacha baada ya siku hiyo waliishi karibu miezi 22 zaidi ya walioendelea.

Mtu makini atauliza kama wanaoacha si wale wenye nguvu zaidi tangu mwanzo, wale ambao wangeishi zaidi hata hivyo. Swali zuri, na watafiti wenyewe walijaribu kulipima. Basi tuseme namba zina chumvi. Zigawe kwa mbili. Miezi inayobaki bado ni mingi kiasi kwamba, kama ingekuwa kidonge, kampuni ya dawa ingekiuza kwa mamilioni ya shilingi na familia zingeuza viwanja kukinunua.

Kwa kemo yenyewe, mambo ni ya wazi zaidi kwa sababu yanapimika kwenye damu. Ini likipokea moshi wa tumbaku huuhesabu kuwa sumu, likazidisha vimeng'enya vya kuusafisha. Vimeng'enya hivyo havichagui. Vikikutana na dawa zinazosafishwa kwa njia hiyo hiyo, huzifagia nazo. Irinotekani, dawa inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, ilipimwa na madaktari wa Uholanzi mwaka 2007: kwa wavutaji, kiasi cha ile sehemu ya dawa inayoua saratani kilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Erlotinibu, kidonge cha saratani ya mapafu, husafishwa upesi sana na ini la mvutaji hivi kwamba maelekezo ya dawa yenyewe yanazungumzia kuongeza dozi hadi mara mbili ya kawaida. Si dawa zote ziko hivyo, na ni vyema kumuuliza daktari wako kuhusu yako. Lakini hata zisizofagiwa zina ugomvi na moshi. Bleomisini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa pamoja na vinkristini kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi katika hospitali za Afrika, hujulikana kwa kuumiza mapafu, na anayevuta yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumia. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayowatisha wagonjwa kwa rangi yake, huudhoofisha moyo. Sigara nayo inajua njia ya kwenda moyoni.

Hapa nina jambo la kuwakumbusha wenzangu wa Kampala. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1995, iliharibika isitengenezeke tena. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilikuwa haki kupiga kelele. Uganda haikuwa na nyingine. Wagonjwa wachache walipelekwa Nairobi, wengi walibaki nyumbani, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Tulikasirika kwa sababu tiba ilikuwa imeondolewa mbele ya macho yetu. Sasa mgonjwa anayevuta sigara mchana na jioni katikati ya tiba anaondolewa sehemu ya tiba hiyo kila siku, na hakuna hata mmoja anayeinua sauti. Jirani anamnunulia kabisa, kama zawadi ya pole.

Mji huu, zaidi ya mingine mingi, ulipaswa kujua thamani ya kemo. Hapa Mulago ndipo daktari Denis Burkitt alipouona ule uvimbe wa taya za watoto alioueleza kwa ulimwengu mwaka 1958. Hapa ndipo kituo cha kutibu limfoma kilipofunguliwa mwaka 1967, kikakua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Daktari Mmarekani John Ziegler na wenzake walionyesha kwamba dawa peke yake zinaweza kumponya mtoto aliyekuwa anakufa, wakati ambapo kwingineko wengi walikuwa bado wanatilia shaka jambo hilo. Wamarekani walipoondoka mwaka 1972, enzi za Idi Amin, daktari Mganda Charles Olweny alibaki na kazi na wodi ikaendelea. Watu walihatarisha maisha ili dripu ile isikauke. Tusiifanyie mzaha kwa sababu ya paketi ya sigara.

Utetezi unaopendwa zaidi ni ule wa mawazo: sigara humtuliza. Humtuliza, kweli, kutoka katika hali ambayo sigara yenyewe imemtia. Mvutaji wa siku nyingi huanza kuhangaika nikotini inaposhuka kwenye damu. Akivuta, mahangaiko yanaisha, na anadhani ameliwazwa kwa ajili ya saratani. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulikuta kwamba wanaoacha, zikishapita wiki za mwanzo, huwa na wasiwasi na msongo mdogo kuliko wanaoendelea. Wiki za mwanzo ni ngumu, sibishi. Kilele cha ugumu ni wiki ya kwanza, na kwa wengi uchu huwa umelegea sana baada ya wiki tatu au nne. Kemo nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Kwa hiyo anayeacha siku ya dripu ya kwanza, akirudi kwa ya pili sehemu mbaya zaidi imeshapita.

Wengine huniambia kwamba hili ni tatizo la Wazungu na Warusi, Waganda hawavuti. Ni kweli hatuvuti sana. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2013 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 7.9 ya watu wazima, wanaume 11.6 na wanawake 4.6. Lakini kwenye foleni ya wenye saratani ya umio, ya koo, ya mdomo na ya mapafu, wavutaji ni wengi kuliko mitaani, na sababu inajulikana. Tena uchache wao ndio unaowaponza. Mvutaji anayeishi kati ya wasiovuta hujificha. Akiulizwa husema aliacha zamani. Hakuna anayemsaidia kwa sababu hakuna anayejua, au kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza kwa adabu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kuuza sigara moja moja, inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21, inakataza shisha. Kampuni ya sigara ya BAT ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, ikashindwa mwaka 2019. Nenda basi kwenye kibanda chochote cha Bwaise au Katwe: sigara moja moja zipo, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani ili kisiibwe. Shisha nayo haikuhama Kabalagala. Niongeze tu, kwa vijana wanaodhani moshi uliopita kwenye maji umeoshwa, kwamba ini halioni tofauti.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye sina ugomvi na sigara yake. Ni yule ambaye matibabu yake sasa ni ya kumpunguzia maumivu tu, anayehudumiwa nyumbani na wauguzi wa tiba shufaa, kama wale wa Hospice Africa ya Makindye, iliyoanza kazi 1993, na chupa zao za mofini ya kunywa. Huyo akitaka kuvuta barazani jioni, mleteeni kiti. Nina ugomvi na tabia ya kumhesabu kila mgonjwa wa saratani kuwa ni huyo. Mtu aliyeanza kemo kwa nia ya kupona, au ya kupata miaka, anapoambiwa "vuta tu", anaambiwa kwa sauti ya chini kwamba ameshakufa.

Sasa chakula, ambako upotovu ni mkubwa zaidi kwa sababu umevaa nguo za sayansi.

Nadharia ya kuiua saratani kwa njaa ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayouza juisi. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa pupa na kwa namna yake ya pekee. Ni kweli hadi leo. Kuna vipimo vya picha vinavyoutafuta uvimbe kwa kufuata sukari inakokimbilia. Lakini toka hapo hadi "usile wali" kuna bonde ambalo wahubiri wa njaa hawalivuki, wanaliruka. Seli zote za mwili hutumia sukari, ubongo kuliko zote. Mtu asipokula, mwili haukubali sukari iishe kwenye damu. Ini linaitengeneza upya, na malighafi yake kubwa ni protini ya misuli. Mnyimeni mgonjwa matoke yake, na saratani haitalala njaa. Itakula mapaja yake.

Hicho ndicho tunachokiona. Mtu anaingia kwenye tiba akiwa na kilo 68, baada ya mizunguko miwili ana 59, na nyumbani wanasema mwili unajisafisha, sumu inatoka. Hakuna sumu iliyotoka. Kilichotoka ni nyama ya mabega, ya mapaja, na ile misuli midogo ya mbavu inayomsaidia kukohoa asipate nimonia. Madaktari wa saratani wana kipimo cha hatari kilichokubaliwa mwaka 2011: kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo tatu tu. Na zamani zaidi, mwaka 1980, Wamarekani walichapisha hesabu ya wagonjwa 3,047 waliokuwa wakianza kemo. Waliokuwa wamepungua uzito kabla ya kuanza waliishi muda mfupi zaidi katika aina nyingi za saratani. Kemo ni kazi ngumu ambayo mwili unafanyishwa. Hatumtoi mtu kwenye mfungo wa siku arobaini tukampa jembe.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaijui, ingawa hufanyika mbele yao. Kabla ya mzunguko muuguzi humpandisha mgonjwa kwenye mizani. Hafanyi hivyo kwa mazoea. Dozi ya dawa nyingi za kemo hukokotolewa kwa eneo la uso wa mwili, yaani kwa urefu na uzito. Uzito ukiporomoka, hesabu inarudiwa. Mgonjwa akiwa amedhoofika sana, chembe nyeupe za damu ziko chini na vidonda vimejaa mdomoni, mzunguko unaahirishwa. Aliyefunga kula ili aiue saratani ameipa likizo ya wiki mbili.

Katikati ya haya yote limesimama stafeli, kitafeli kwa Waganda. Ni tunda zuri, nalipenda. Lakini ujumbe unaosambaa kwenye simu unadai kwamba lina nguvu mara elfu kumi kuliko kemo, na sasa majani yake yanauzwa makavu, yanauzwa ya unga, yanauzwa chupani. Dai hilo limetoka kwenye maabara, ambako maji ya mmea yaliua seli ndani ya kisahani. Ndani ya kisahani hata chumvi na sabuni huua seli. Hakuna utafiti wa wagonjwa ulioonyesha kwamba stafeli linatibu saratani ya mtu. Kuna, badala yake, onyo: mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hula stafeli na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, waliripoti wagonjwa wengi isivyo kawaida wa kutetemeka na kukakamaa viungo, ugonjwa unaofanana na Parkinson lakini usiosikia dawa zake, wakauhusisha na matunda ya jamii hiyo. Kula tunda moja hakutakuumiza. Kunywa majani kila asubuhi mahali pa kifungua kinywa ni jambo jingine. Na ile juisi ya mboga mbichi iliyokamuliwa kwa mkono, kwa maji ambayo hayakuchemshwa, ikanywewa siku ya kumi baada ya kemo wakati kinga iko chini kabisa, ni njia ya mkato ya kurudi wodini na homa.

Kinachonishangaza ni kwamba haya yanatokea Uganda. Hakuna nchi iliyojifunza maana ya kukonda kwa uchungu kama hii. Watu wa Rakai walipoanza kudhoofika na kufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa wao, ambao leo tunauita UKIMWI, uliitwa Slim, na ni kwa jina hilo daktari David Serwadda na wenzake waliuandika katika jarida la Lancet mwaka 1985. Kizazi kizima kilijifunza kumtazama aliyekonda na kuhesabu miezi. Hofu hiyo haijafa: wako wagonjwa wa saratani wanaojifungia ndani, wasiende hata kliniki, kwa kuogopa majirani watasema nini wakiona mashavu yameingia. Sasa nchi hiyo hiyo, iliyoogopa kukonda kuliko simba, imeuziwa kukonda kama dalili ya kupona. Sijui ni nani aliyefanya biashara hiyo, lakini alikuwa hodari.

Na elimu ya kumrudisha mtu aliyeishiwa iko papo hapo, kwenye kilima hicho hicho. Mulago ina kitengo cha lishe cha Mwanamugimu tangu 1965, kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto wenye kwashiorkor. Huko akina mama hufundishwa kitobero: chakula kikuu, maharage au njugu, na kitu cha mnyama kama samaki, maziwa au yai, vyote pamoja, vikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba na kupondwa vikawa laini. Kilibuniwa kwa ajili ya mtoto, lakini mtu mzima mwenye vidonda mdomoni, asiyeweza kutafuna, anahitaji chakula cha namna hiyo hiyo. Hakuna unga wa kopo kutoka ng'ambo unaohitajika.

Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri mgonjwa wa saratani apate kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu moja kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu moja na nusu. Kwa mtu wa kilo 60 ni kalori 1,500 hadi 1,800 na protini gramu 60 hadi 90. Hapa lazima niseme ukweli kuhusu matoke niliyoyatetea kwenye kichwa cha makala: peke yake, hata sinia zima, ni wanga na maji. Kinachookoa ni kile kinachowekwa juu yake. Binyebwa, yaani mchuzi wa karanga. Maharage. Yai moja lina gramu sita hivi za protini, glasi ya maziwa nane. Mukene, dagaa wa Ziwa Victoria wanaodharauliwa kwa kuwa ni chakula cha kuku na cha maskini, wakikauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Uji wa mtama wenye maziwa na unga wa mukene ndani yake, vikombe vidogo vidogo mchana kutwa, unashinda chupa nzima ya maji ya majani. Na rolex ya Wandegeya, chapati na mayai mawili, ikiwa ni ya moto na imetengenezwa kwenye usafi, sioni kosa lake.

Sasa tazameni jinsi mambo mawili yanavyokutana. Nikotini huua hamu ya kula, na moshi huupooza ulimi. Kemo nayo huubadilisha ulimi, nyama ikanuka chuma, chai ikawa chungu. Mgonjwa anayevuta anapigwa pande mbili. Anayeacha, kwa kawaida, hunenepa: uchambuzi wa mwaka 2012 ulipata wastani wa kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza kwa walioacha bila dawa za kuwasaidia. Wavutaji wengi wenye afya hulia juu ya kilo hizo na kuzifanya sababu ya kutoacha. Kwa mgonjwa wa kemo wa Kampala aliyebakiwa na mifupa, kilo nne ni neema asiyoilipia.

Kuna atakayesema nimesahau wanene. Sikuwasahau. Unene ni sababu ya saratani ya mji wa mimba na ya matiti baada ya kukoma hedhi, na baadhi ya wanawake wanaotibiwa saratani ya matiti huongezeka uzito wakati wa kemo, kwa sababu ya dawa za steroidi wanazopewa kuzuia kutapika, kwa kukatika hedhi ghafla, na kwa kukaa. Mwanamke huyo hahitaji kulishwa kwa nguvu. Anahitaji kutembea, kupunguza soda na vya kukaangwa, na kupanga na daktari wake lini na kwa namna gani apunguze uzito. Lakini mnene naye huweza kupoteza misuli chini ya mafuta bila mtu kuona. Akiteremka kilo kumi kwa miezi miwili, wenzake wa kwaya humpongeza kwamba amependeza. Angepaswa kuulizwa anakula nini, na daktari angepaswa kuambiwa siku hiyo hiyo.

Nao watabibu hawana mikono safi. Mgonjwa huulizwa kama anavuta siku ya kufungua faili, jibu likaandikwa, na mara nyingi sana haliguswi tena. Plasta na chingamu za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vidonge vya kusaidia kuacha viliongezwa 2021. Kama fedha za kuvinunulia wote hazipo, dakika tatu za kuuliza kila mzunguko, bila kumkaripia mtu, hazihitaji bajeti ya serikali. Mtu akiona aibu atadanganya, na akidanganya dozi yake itapangwa juu ya uongo. Vivyo hivyo uzito: usiishie kwenye faili, aambiwe mgonjwa na aambiwe anayempikia.

Wewe unayempikia, basi, au unayempeleka Mulago kwa boda, mwombe muuguzi akuandikie kilo za leo na za mara ya mwisho. Mwambie daktari ukweli kuhusu sigara, hata kama mzee atakununia njiani. Toa paketi ndani ya nyumba, na wewe unayevuta naye, acha pamoja naye. Atakayekuja na majani ya stafeli mpokee kwa heshima, mkaribishe kiti, mshukuru sana, kisha mwombe safari ijayo alete mayai.